Rampu, pampu na vali: njia tatu za kubadilisha oili nyumbani, zilizopimwa kwa Toyota IST

Nilianza kubadilisha oili nyumbani kwa sababu ya tone la rangi ya kucha. Gereji niliyokuwa nikiitumia ilikuwa karibu, fundi wake alikuwa mcheshi, na kila baada ya miezi michache nilimwachia gari asubuhi na kulichukua jioni likiwa na kibandiko kipya kwenye kona ya kioo, kimeandikwa kilomita za kurudi tena. Siku moja, bila kumdhania mtu vibaya, nilipaka tone la rangi ya kucha ya mke wangu kwenye kitako cha filta ili nijizoeze kuitambua nikiwa nimeinama chini ya gari. Zamu iliyofuata nililipia oili na filta, nikarudi nyumbani, nikamulika na tochi, na tone lile lilikuwa bado liko pale pale, ila filta yenyewe ilikuwa imefutwa ikang'aa.

Tangu siku hiyo nimejaribu njia tatu za kuifanya kazi hii uani kwangu: kumwaga oili kwa chini baada ya kuinua gari, kuinyonya kwa pampu kupitia tundu la stiki ya kupimia oili, na kuifungulia kwa vali inayofungwa mahali pa nati ya kumwagia. Kila njia nimeitumia zaidi ya mara moja, vifaa vyote nimevinunua kwa fedha yangu, na maoni yaliyomo humu ni ya mwenye gari wa kawaida anayejua kushika spana, si ya fundi.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya kizazi cha kwanza, ile iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002, ambayo leo ukisimama dakika 5 kando ya barabara yoyote kubwa ya Dar es Salaam huwezi kukosa kuiona. Langu lina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496, inayochukua lita 3.7 za oili ukibadilisha na filta, au lita 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Nati ya kumwagia iko kwenye sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, na inafunguka kwa spana namba 14, na filta inafikiwa kwa kuingia chini ya gari. Namwomba msomaji alishike hilo la filta, kwa sababu ndilo lililokuja kuamua karibu kila kitu katika majaribio yangu, ingawa mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa na kuchelewa huko kulinigharimu fedha.

Njia ya asili ni kuinua gari, kufungua nati na kuiacha oili ishuke kwa uzito wake. Jeki inayokuja na gari, ile inayojikunja kama mkasi, imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi barabarani na haikukusudiwa kumlinda mtu aliyelala chini. Jambo hili linajulikana na kila mtu na linapuuzwa na karibu kila mtu, na si mara moja nimemwona mtu akijiingiza chini ya gari lililoshikiliwa na jeki hiyo pamoja na tofali la saruji. IST bila abiria ina uzito wa zaidi ya kilo 1,000 kidogo, na tofali la kujengea likielemewa halipigi hodi, hupasuka papo hapo. Kwa hiyo nilinunua jeki ya magurudumu ya tani 2 na stendi mbili za chuma, ambazo kwa pamoja zilinigharimu zaidi kidogo ya badilisho moja la oili ya gereji likiwa na kila kitu.

Stendi ni salama zikikaa mahali pagumu, na hapo ndipo uani kwangu palipoanza kuleta ubishi. Nusu ya uwanja ni mchanga, kama ilivyo sehemu kubwa ya jiji hili, na nusu ni pevingi iliyotandazwa juu ya mchanga huo huo. Mara ya kwanza mguu mmoja wa stendi ulizama taratibu katikati ya vitofali viwili vya pevingi, gari likainamia upande mmoja kiasi cha kidole, nami nikatoka chini yake kwa kasi ambayo sikujua kuwa bado ninayo. Tangu hapo naweka kipande cha ubao mgumu chini ya kila stendi, natikisa gari kwa nguvu kabla ya kuingia, na tairi moja la akiba nalilaza chini ya gari kama kinga ya pili. Tahadhari hizo zote ni za lazima, na ndizo zinazoifanya njia hii ichoshe: maandalizi ya karibu nusu saa kwa ajili ya nati moja na filta moja, na ukiwa peke yako unazunguka gari mara nane kabla tone la kwanza halijashuka. Oili inatoka yote inayoweza kutoka, hilo sina lawama nalo. Lakini mtu akichoshwa na maandalizi, ipo siku atayaruka, na siku hiyo ndiyo ninayoiogopa.

Ndipo nikageukia rampu, yaani vipandio viwili vya mteremko ambavyo tairi za mbele huvikwea. Zile za plastiki ngumu zinazouzwa mitandaoni zilinivutia, ila IST ina bampa lililoshuka, na nilipopima kwa rula niliona kwamba mwinuko wa rampu nyingi za aina hiyo ungeligusa bampa kabla tairi halijaanza kupanda. Nikaamua kutengeneza zangu kwa mbao za msindi wa Mafinga, za inchi 2 kwa 10, ambazo zinapatikana kila kiwanda cha mbao. Kila rampu ina matabaka matatu yaliyopandana kama ngazi: ubao wa chini una urefu wa futi 4, wa kati futi 3 na wa juu futi 2, ncha zao za mbele zimekatwa kwa mshazari, na zote zimeshikanishwa kwa gundi na skrubu ndefu. Mwishoni mwa ubao wa juu nimefunga gogo la kuzuia tairi lisipitilize. Seremala alinitazama kwa huruma nilipomweleza kazi yake, akadhani nataka ngazi ya kuku.

Rampu hizo zinainua pua ya gari kwa karibu sentimita 14, na kwa mtu wa umbo langu kimo hicho kinatosha kuteleza chini kwa mgongo juu ya boksi lililokunjuliwa na kufikia nati na filta bila kujikunja. Faida yake kubwa ni kwamba gari linabaki limesimama kwa tairi zake nne. IST hii inavutwa na tairi za mbele huku breki ya mkono ikishika tairi za nyuma, kwa hiyo ukiweka gia kwenye P na kuvuta breki ya mkono umezishika tairi zote, na zile za nyuma, ambazo ndizo zilizo chini, naziwekea vizuizi vya mbao mbele na nyuma. Kupanda kunataka mtu wa kukuelekeza; kwangu ni kijana wangu wa kidato cha pili, ambaye anaifurahia sana nafasi ya kumpigia baba yake kelele mbele ya majirani. Tangu kupanda hadi kuwa chini na spana mkononi hazipiti dakika 5.

Kasoro ya rampu ni mwinamo. Pua ikiwa juu, oili hukusanyika upande wa nyuma wa sampu, na kama nati ya gari lako iko upande wa mbele, kiasi fulani hakitatoka mpaka urudishe gari kwenye usawa. Dawa yake ni nyepesi: oili ikishaisha kutiririka na kubaki matone, rudisha nati kwa mkono, shusha gari, sukuma beseni chini yake, fungua tena na uache kwa dakika chache. Wenye nati iliyo nyuma ya sampu, mwinamo huo huo unawasaidia.

Kabla sijaendelea na pampu, niseme neno kuhusu nati yenyewe, kwa kuwa ndipo magari mengi yanapoharibiwa. Mara yangu ya kwanza nati ilikataa kabisa, nikalazimika kuongezea mkono wa spana kwa kipande cha bomba, kwa sababu aliyeifunga kabla yangu aliifunga kana kwamba anafunga nati za tairi. Kipimo chake cha kukazia kwa injini hii ni takriban Nyuton-mita 37, ambazo kwa spana fupi ya kawaida ni mvuto mmoja wa mkono wa mtu mzima, bila kuning'inia na bila kugonga. Kinachozuia oili isivuje ni washa laini, ile pete bapa iliyo chini ya kichwa cha nati, na washa hiyo ni ya kutumia mara moja. Maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, yanaiuza kwa bei ambayo mwenye duka huona aibu kuitaja peke yake, na bado kuna watu wanaoigeuza upande wa pili na kuongeza nguvu, mpaka siku meno ya sampu yanapoisha.

Sasa pampu. Niliyonunua kwanza ni ya mkono: tenki la plastiki la lita 6 lenye mpini wa kupandisha na kushusha juu yake, na mipira myembamba ya unene tofauti. Unachomoa stiki ya kupimia oili, unaingiza mpira mwembamba kwenye tundu lake hadi uguse kitako cha sampu, unapiga mpini mara kumi na tano hivi ili hewa itoke ndani ya tenki, kisha unakaa kwenye kigoda ukitazama oili nyeusi ikipanda yenyewe. Mikono haichafuki, shati halichafuki, na gari halisogei hata inchi moja. Kwa mara ya kwanza niliipenda kiasi cha kumwita mke wangu aje aone.

Inayo masharti yake. Oili baridi inapanda polepole mno, hivyo injini iwashwe kwa dakika kama 5 kwanza, kisha izimwe na kuachwa kwa dakika 10 ili oili iliyo juu ishuke na isiwe ya kuunguza. Mpira ukiingia mfupi unaacha oili chini; ukiingia mrefu kupita kiasi, ncha yake inajikunja na kutazama juu, na pampu inaanza kunyonya hewa huku wewe ukidhani kazi imekwisha. Mlio wa kububujika ndio unaokuambia, na hapo unavuta mpira nyuma kidogo, unaugeuza, na kujaribu tena. Kwa gari langu kazi hiyo ilichukua dakika 20.

Nilitaka kujua inabakiza kiasi gani, kwa hiyo baada ya pampu kumaliza nilipandisha gari kwenye rampu siku hiyo hiyo na kufungua nati. Kilichotoka kilijaza kikombe kimoja cha chai, yaani karibu robo lita. Katika injini ya lita 3.7 hiyo ni chini ya asilimia 7, na ikumbukwe kwamba hata ukimwaga kwa nati kuna oili inayobaki imeng'ang'ania kuta na mifereji ya injini. Wapo wanaoikataa pampu kwa hoja kwamba inaacha uchafu chini ya sampu. Kwa injini inayobadilishiwa oili kwa wakati, sioni uzito wa hoja hiyo, kwa kuwa oili za siku hizi zina viungo vya kuubeba uchafu ukielea humo humo, na chembe zinazozunguka na oili hunaswa na filta. Kwa gari lililotoka kwa mtu usiyejua alilitunzaje, ambalo ukifungua kifuniko cha oili unakutana na tope jeusi, hoja hiyo ni ya kweli kabisa na nati ndiyo njia.

Pampu ya umeme ya volti 12, ile ndogo yenye vibano viwili vya kushika betri ya gari, niliinunua baadaye kwa pupa. Inafanya kazi ile ile kwa kelele zaidi. Mpira wake wa kunyonyea ni mwembamba, mota inapata moto haraka, na nililazimika kuizima mara mbili ili ipoe kabla haijamaliza lita 3. Pampu za aina hii zinaandikwa kwamba ni za oili na dizeli na zisitumike kwa petroli, kwa sababu ya cheche. Onyo hilo liheshimiwe, maana mtu akishakuwa na pampu huanza kutafuta vitu vingine vya kunyonya. Mimi nimeigawa.

Baada ya sifa zote hizo za pampu ya mkono, nililazimika kukiri jambo ambalo ningeligundua kwa dakika moja kama ningeinama na kutazama kabla ya kununua. Filta ya IST iko chini. Nimenyonya oili yote kwa juu, nimekaa kwenye kigoda kama bwana, halafu bado natakiwa kupandisha gari, kulala kwenye boksi, na kufungua filta ambayo nayo itanimwagia oili mkononi. Nikiwa tayari nimelala pale, nati iko karibu na inafunguka kwa nusu dakika. Pampu haikuniondolea hata hatua moja. Iliongeza ya kwake. Inaweza kunifaa endapo nitabadilisha oili tu na kuiacha filta kwa zamu moja, jambo ambalo baadhi ya watu hulifanya, lakini mimi niliyekimbia gereji kwa sababu ya filta isiyobadilishwa ningejitazamaje?

Nilipomsimulia jirani yangu, mwalimu mstaafu mwenye Mercedes-Benz C180 ya injini ya M271, aliniomba tuijaribu kwake, na hapo ndipo nilipoiona pampu ikiwa nyumbani kwake hasa. Filta ya injini hiyo imesimama juu, mbele, ndani ya kikombe chake chenye kifuniko cha plastiki kinachofunguliwa kwa kofia maalumu ya milimita 74. Bomba la kupimia lipo na lina kifuniko chake, ingawa ndani hamna stiki. Mzee alifungua boneti akiwa amevaa shati jeupe, nikanyonya lita tano na ushei, akabadilisha karatasi ya filta pamoja na mipira yake ya kuzuia kuvuja, akajaza lita 5.5, na kabla chai haijapoa tulikuwa tumefunga boneti. Hakuna aliyepiga magoti. Kwa magari ya namna hiyo, na mengi ya Ulaya yamejengwa hivyo, sioni sababu ya mtu kununua jeki wala rampu kwa ajili ya oili. Kwa Toyota nyingi ndogo tunazoendesha huku, pampu ni starehe ya nusu safari.

Vali ndiyo niliyotarajia mengi kutoka kwake na ndiyo iliyokaa kwangu muda mfupi. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kifaa hiki ni Fumoto ya Japani. Niliyopata mimi ilikuwa ya mtengenezaji mwingine, niliyoagiza kwa njia ya mtandao baada ya kupima meno ya nati yangu, ambayo ni ya milimita 12 kwa 1.25. Unamwaga oili mara moja kwa njia ya kawaida, unafunga vali mahali pa nati, na tangu hapo kumwaga ni kusukuma kishikio na kukigeuza robo mzunguko. Mpira unachomekwa kwenye mdomo wake na oili inaingia moja kwa moja kwenye dumu, bila beseni, bila tone sakafuni. Kwa usafi hakuna njia inayoikaribia. Ina klipu ya kukizuia kishikio kisijifungue, na katika muda wote nilipokuwa nayo haikuvuja.

Hata hivyo tundu lake ni jembamba kuliko la nati, kwa hiyo kilichokuwa kinatoka kwa dakika chache kilichukua karibu robo saa, na kwa kuwa shingo yake inaingia ndani ya sampu kidogo, inabakiza oili kidogo chini ya usawa wa shingo hiyo. Hayo yanavumilika. Lisilovumilika kwa gari fupi ni kwamba vali inaning'inia chini kuliko nati. Barabara za mitaa ya Goba ninakopita kila siku zina vilima, mawe na matuta ambayo kila mwenye nyumba amejijengea kwa kimo akipendacho, na mwezi wa tatu nilikuta mkwaruzo mpya unaong'aa kwenye mwili wa vali. Jiwe halikuivunja. Lakini nililala usiku huo nikifikiria oili yote ya injini ikimwagika kwenye mteremko huku taa nyekundu ikiwaka na mimi nikiwa nimeongeza sauti ya redio, na asubuhi niliirudisha nati. Mwenye pikapu au gari refu, ambaye anaingia chini bila kuinua chochote na ana bamba la chuma linalolinda sampu, anaweza kuifurahia kwa miaka. Yangu ipo kwenye droo.

Kwa hiyo nimebaki na rampu za mbao, na kila zamu inanichukua dakika 40 tangu kuwasha injini ipate joto hadi kufuta mikono. Sehemu inayotaka utulivu zaidi ni filta, na hapa nina aibu yangu ya kukiri. Mara ya pili nilipobadilisha mwenyewe, filta ya zamani ilitoka bila gasketi yake. Mpira ule mweusi wa mviringo ulibaki umebanduka na kuganda kwenye uso wa injini, nami sikuutazama. Nikafunga filta mpya juu yake, mipira miwili ikapandana, na nilipowasha injini ulitoka mchirizi uliochora ramani kwenye pevingi kabla kijana wangu hajapiga kelele. Tulipoteza karibu lita moja kwa sekunde chache. Siku hizi naitazama filta ya zamani kwanza, nahakikisha mpira wake umetoka nayo, napitisha kidole kwenye uso wa injini, napaka oili mpya kwenye mpira wa filta mpya, naifunga kwa mkono mpaka mpira uguse, kisha naongeza robo tatu ya mzunguko. Kofia ya kufungulia filta ni muhimu siku ya kufungua; siku ya kufunga ibaki kwenye sanduku.

Kuhusu oili yenyewe, ushauri ambao mtu hupewa bila kuuliza ni oili nzito ya 20W-50, kwa maelezo kwamba huku ni joto na gari ni la zamani. Injini ya 1NZ-FE ina mfumo wa VVT-i unaotumia msukumo wa oili kupitia njia nyembamba kurekebisha muda wa vali za injini, na ilikusudiwa oili nyepesi ya 5W-30. Herufi W katika namba hizo inahusu baridi ya kuwashia, na ile namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito oili ikiwa imepata moto, kwa hiyo 5W-30 haigeuki maji kwa sababu ya jua la Dar es Salaam. Ninachotazama zaidi kwenye kopo ni daraja la ubora la API, taasisi ya petroli ya Marekani: SN ilianza mwaka 2010 na SP mwaka 2020, na yoyote kati ya hizo inaitosha injini hii. Kopo la lita 4 linabakiza kama lita 0.3, ambayo naitunza ya kuongezea. Nanunua kwenye kituo cha mafuta chenye risiti na naukagua ufito wa kifuniko, maana oili feki ni biashara ya mjini na kopo lililojazwa upya hufungwa kwa ustadi wa kusikitisha.

Kibandiko cha gereji kilikuwa kinaniita kila kilomita 3,000. Mwongozo wa Toyota kwa soko la Japani, kwa injini za petroli zisizo na tabo (turbo), unataja kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa matumizi ya kawaida, na nusu yake, yaani kilomita 7,500 au miezi 6, kwa matumizi magumu kama safari fupi fupi na barabara za vumbi. Foleni ya Mwenge na vumbi la Goba vinaniweka kwenye kundi la pili bila ubishi. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na sina hoja kubwa ya kisayansi isipokuwa kwamba namba hiyo ni rahisi kuikumbuka na oili ninayotoa haijawahi kunuka kuungua.

Limebaki dumu la oili chafu, ambalo gereji ilikuwa inanitunzia bila mimi kujua kama ni huduma. Baba yangu alikuwa akiipaka kwenye nguzo za uzio ili mchwa wasile, na mafundi ujenzi bado wanaiomba ya kupaka mbao za kumwagia zege. Siipaki tena kwenye nguzo, kwa sababu mvua huiosha na kisima cha jirani kiko mita chache kutoka uzio; Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani linasema oili ya badilisho moja inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Navaa glavu pia, kwa kuwa oili iliyotumika ikigusa ngozi mara kwa mara kwa muda mrefu imeonekana kuleta saratani ya ngozi kwa wanyama wa maabara. Madumu mawili yakijaa nayapeleka kwenye gereji kubwa inayokusanya oili chafu na kuiuzia wanaoichukua kwa jumla. Ni gereji nyingine, si ile ya zamani, ingawa fundi wangu wa zamani tunasalimiana bado, na juzi aliniuliza mbona siku hizi simpelekei gari. Nilimwambia nimenunua rampu. Filta yake niliyoipaka rangi ya kucha naiweka kwenye rafu ya vifaa, na sikumwonyesha.